Gunia Tulilokula

Mimi ndiye niliyeliharibu lile shamba. Bora niseme mwenyewe mapema, maana majirani zangu hapa Nyakato wana midomo, na mkisikia kwao mtatiliwa chumvi. Naitwa Ajwang. Nilizaliwa Mara, huko ufukweni upande wa Shirati, nikaolewa Mwanza, nikafiwa Mwanza, na uzee nao umenikutia hapa hapa. Nina mdomo, hilo nakubali, hata padri analijua. Lakini leo sijisemi mimi. Namsema dada Wilhelmina, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, kwa sababu kuna jambo alinitendea ambalo sijawahi kulitolea shukrani inayotosha. Kila nikianza kumshukuru ananikatiza na kuniuliza kama nimekula.

Dada Wilhelmina ana miaka sitini na minne. Ni Msukuma wa Kisesa, mrefu, mkavu wa mwili, na hana haraka na jambo lolote. Mimi nikimaliza maneno mia, yeye ndiyo kwanza anavuta pumzi. Ujana wake wote ulipita kwenye kiwanda kimoja cha magunia hapa Nyakato, kile kilichofungwa zamani. Yeye alikuwa mfumaji, na mumewe, marehemu Shimba, alikuwa fundi wa mitambo. Walikutana humo humo, kwenye vumbi la juti, wakaoana, wakazaa. Kiwanda kilipofungwa Shimba alizungukazunguka na boksi lake la spana miaka kadhaa, kisha akaugua, na wakampeleka kumzika kwao, karibu na Bujora. Dada akabaki na kazi ya kukaanga dagaa na kuwauzia wafanyakazi wa zamu. Hakuwahi kulalamika mbele yangu. Ila akipita nje ya lile jengo la kiwanda alikuwa anapunguza mwendo, na mimi niliyajua hayo kwa sababu mimi macho yangu hayalali.

Mambo yalianzia sokoni Mirongo, Jumamosi moja miaka miwili iliyopita. Rambo, zile za plastiki, zilikuwa zimekwisha kupigwa marufuku siku nyingi, na sisi tumezoea ile mifuko myepesi ya rangi rangi waliyotuletea badala yake. Nimenunua nyanya, vitunguu, na sangara mmoja mkubwa wa haja. Natoka getini hivi, mfuko ukaachia chini. Pwaa! Sangara kwenye tope, nyanya zinakimbia barabarani, na bodaboda hawajui kusimama. Nikaanza kutukana mfuko, na aliyeuuza, na aliyeuleta mjini. Dada Wilhelmina hakucheka wala hakuokota nyanya. Aliokota mfuko. Akaunyoosha mbele ya jua, akauvuta kidogo kwa vidole, ukachanika tena.

"Hiki si kitambaa, Ajwang," akasema. "Hiki hakijafumwa na mtu."

"Dada, nyanya zangu!"

"Nimeziona," akasema, huku bado anautazama mfuko.

Wiki hiyo hiyo tukasikia kwamba jengo la kiwanda limepata mwenyewe. Alilinunua Pius, mwanamume wa makamo anayefanya biashara ya saruji, na alitaka paezuliwe, paezekwe upya, pawe ghala. Vyuma vyote vilivyobaki ndani vingeuzwa kwa watu wa chuma chakavu. Dada Wilhelmina aliposikia hivyo akavua aproni ya dagaa, akavaa kitenge cha kanisani, akaniambia twende. Mimi nikafikiri anakwenda kuomba kazi ya kufagia.

Ndani mle palikuwa na popo na giza. Mitambo mikubwa ilikwishabebwa miaka mingi. Kilichobaki kwenye chumba cha mwisho kilikuwa mtambo mmoja mdogo wa mkono, nusu mbao nusu chuma, ambao zamani walikuwa wakijaribia kitambaa kabla ya kuwasha ile mikubwa. Dada aliufuta vumbi kwa khanga yake. Kisha akaweka kiganja kwenye ule ubao wa mbele unaogonga nyuzi ili zishikamane, akakiacha hapo.

"Ubao wa kwanza ulivunjika," akaniambia. "Shimba akachonga huu, wa mninga. Alichukua siku tatu. Alikuwa bado hajanichumbia, nilikuwa nakwenda kumtazama nikisingizia naleta maji."

Pius alitukuta humo. Alimwamkia vizuri, shikamoo mama, akaitikiwa marahaba mwanangu. Dada akamwomba ule mtambo, na kichumba kile ulimo, ili afume mifuko ya sokoni ya juti. Pius hakuwa mtu mbaya, ila mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Akauliza juti itatoka wapi. Kiwanda kilikufa, alisema, kwa sababu nyuzi zilikuwa zinatoka ng'ambo, siku zisipokuja watu wanakaa wanapiga miayo.

"Itatoka shambani," dada akasema.

"Shamba gani hilo mama? Hapa nani analima juti?"

"Kila mtu. Ni mlenda."

Mimi na Pius tukatazamana. Nikasema moyoni, mwenzangu amepatwa. Lakini dada alieleza, na kwa dada Wilhelmina ile ilikuwa hotuba. Alisema kulikuwa na fundi mmoja kiwandani aliyetoka Bangladeshi, na siku moja ya mapumziko aliwakuta wanakula ugali kwa mlenda, akachungulia bakuli, akaomba aone majani mabichi. Alipoyaona alicheka mpaka akashika ukuta. Akawaambia, ninyi watu mnakula gunia! Kwao mmea ule ule, ule wa mashina marefu, huachwa ukue kumpita mtu, unakatwa, unalowekwa majini, na ganda lake ndilo nyuzi za gunia.

Pius alikuna kidevu. Kisha akasema maneno ambayo siyasahau. "Mama, gari la chuma chakavu linakuja Mei mosi, mvua zikipungua. Ukiweza kunionyesha kitambaa kilichofumwa kwenye mtambo huu, kwa nyuzi za hapa hapa, nitakuachia mtambo na chumba. Usipoweza, mtambo unapanda garini pamoja na mabati. Nataka nijue kama hii ni kazi au ni kumbukumbu tu."

"Haya," akasema dada. Basi, haya! Mimi ningemjibu kurasa tatu.

Mwanzoni mwa Desemba, mvua zimekubali, tukaenda kulima shamba la Shimba kule karibu na Bujora. Tulikuwa mimi, dada, na wanawake wawili wa jumuiya yetu. Dada alimwaga mbegu mwenyewe, kwa kuisongamanisha, kiasi kwamba nilimwambia anapoteza. Mbegu zilizobaki mfukoni akaenda kuzitupa sijui wapi, mimi nilikuwa naosha jembe. Mlenda ukaota vizuri ajabu. Mwezi haujaisha ukawa umefika magotini, majani laini yanang'aa, ukiuona tu mate yanakujaa mdomoni.

Ndipo bintiye Evelina akajifungua huko Ukerewe, na dada akapanda kivuko kwenda kumlea mzazi. Akaniachia shamba. Akasema hivi, nayakumbuka neno kwa neno: "Palilieni, na ng'ombe wasiingie." Hakusema lingine.

Sasa niambieni ninyi wanawake mnaonisoma. Mlenda umefika magotini, umenona, na wewe umelelewa na bibi aliyekufundisha tangu una miaka sita kwamba mboga ukiichuma ncha inazaa matawi, na usipoichuma unaionea, inakuwa ngumu, unakuwa mwanamke mvivu. Sisi kwetu tunaiita apoth, na mama yangu alikuwa akituchapa tukiiacha ikomae. Ungefanya nini? Nilichuma. Nilichuma kwa bidii, yawa, nilichuma kwa mapenzi! Mstari kwa mstari, ncha kwa ncha, sikuruka shina hata moja. Tukapika, tukaanika, tukagawia majirani wa shamba mpaka kwa Malimi mfugaji. Mlenda ukanishukuru, kila shina likatoa matawi manne, matano. Nikawa nasimama jioni natazama shamba nikijisifu kwamba dada atakaporudi atanibusu miguu.

Alirudi baada ya wiki tatu. Nilimpokea njiani nikiwa na kapu la mboga kichwani. Tukafika shambani, akasimama. Akainama, akashika shina moja, akapitisha kidole pale lilipogawanyika. Akashika la pili. Akaenda mpaka katikati ya shamba, akageuka, akatazama pande zote.

"Ajwang," akasema. "Umechuma?"

"Nimechuma dada, tena vizuri! Ona ulivyotawanya!"

Akakaa chini. Kwenye udongo mbichi, na gauni lake la safari. Mimi nikadhani ni uchovu wa kivuko, nikamkimbilia na maji. Ndipo akanieleza polepole, bila kunitazama. Nyuzi ni ganda la shina. Shina likinyooka toka chini hadi juu, nyuzi ni ndefu kama shina lenyewe. Shina likigawanyika, nyuzi zinakatika pale pale panapogawanyika. Ndiyo maana aliisonga mbegu, ili mlenda ukose nafasi ya kutawanya, ukimbilie juu.

Jamani, nilitamani ardhi inimeze na kapu langu. Nililia kwa sauti, nikajipiga kifua, nikajiita majina yote. Mtambo wa Shimba, ubao wa Shimba, vyote nimevikaanga na vitunguu! Dada aliniacha nilie. Kisha akasema, "Na mimi sikukwambia. Nilisahau kwamba wewe si wa kiwandani. Mimi mwenyewe, kabla ya yule fundi, ningechuma."

Jioni hiyo nilisonga ugali, na sikupika mboga ile, nilitafuta maharage. Akauliza mlenda uko wapi. Nikamwambia naona haya kuuleta mezani. Akasema, "Ulete. Kama tumekula gunia, basi tushibe." Na akala, sahani mbili. Mtu huyo! Mimi ningekuwa yeye, ningemtafuna Ajwang mzima mzima.

Muda wa kupanda upya haukuwepo. Katikati ya Machi tulikata sehemu ya ule wa matawi, tukauloweka kwenye maji yanayotuama chini ya lambo la Malimi, maana dada alisema huenda ukafaa kidogo. Wiki mbili baadaye tukautoa, tukauchuna. Nyuzi zilitoka vipande vya shubiri, mafundo mafundo, ukivuta zinakatika. Dada aliziweka mapajani, akazipanga, akazipangua, akazifunga kwenye khanga. Mei mosi ilikuwa mwezi mmoja mbele. Alisema tu kwamba mwaka huu atapaka nyumba chokaa. Nilijua ameaga mtambo.

Jumamosi ya kabla ya Pasaka alitaka kwenda kusafisha kaburi la mumewe. Kaburi liko nyuma ya nyumba ya zamani ya wakwe zake, nyumba ambayo siku hizi umebaki msingi tu, na limezungukwa na ua wa minyaa. Tangu tulipoanza kulima sikuwahi kuingia mle. Mtu haingii makaburini kwa watu bila shughuli. Tulikwenda na panga na fyekeo, yeye mbele mimi nyuma, mimi naongea, kama kawaida yangu. Akapita kwenye pengo la ua. Nikaendelea kuongea. Nikaona kimya kimezidi hata kwake, nikaingia.

Msalaba haukuonekana. Pande zote za kaburi, toka ua mpaka ua, ulisimama mlenda. Umenyooka, umesongamana, hauna tawi hata moja, umempita dada kwa mkono mzima, na dada ni mrefu. Vimaua vya njano ndiyo kwanza vinafunguka huko juu.

"Mbegu zilizobaki," dada akasema kwa sauti ya chini. "Nilizimwaga huku ili magugu yasimfunike. Nikasahau."

Na mimi niliyechuma shamba zima sikuwa nimechuma hapo, wala Malimi, wala watoto wa majirani, wala mtu yeyote aliyepita na njaa yake. Nani anachuma mboga kaburini? Hata ungenipa nini, nisingeweka mdomoni mlenda ulioota juu ya mtu. Mkono wangu mrefu ulikosa kufika mahali pamoja tu duniani, na mahali penyewe ni kwa Shimba. Nilipiga magoti, nikasema asante Mungu, asante shemeji, sijui nilitanguliza nani.

Dada hakupiga magoti. Aliutenga mlenda kwa mikono miwili mpaka akaufikia msalaba, akaweka kiganja juu yake, kama alivyokiweka kwenye ule ubao. Akazungumza naye Kisukuma. Mimi Kisukuma changu ni cha sokoni, lakini nilielewa kwamba anaomba ruhusa. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nikampa panga.

Kuanzia hapo hatukulala usingizi wa kueleweka. Mlenda ulilala majini wiki mbili, na harufu yake, loo! Malimi alisema ng'ombe wake wanamtazama kwa lawama. Tuliuchuna tumesimama kwenye maji ya magoti, na safari hii nyuzi zilitoka nzima nzima, ndefu kuliko mimi, za rangi ya asali. Dada alizianika kwenye ua wa minyaa. Nilimwona anazinusa.

Kusokota ilikuwa kazi yangu. Kiwandani walikuwa na mashine ya kusokotea, lakini mashine ilikwishabebwa, na dada hapo alikwama. Mimi nikamwambia asogee. Babu yangu Otuoma alikuwa akisokota kamba za nyavu kwenye paja lake, na sisi wajukuu tulikaa tunamsaidia mpaka mapaja yanawaka. Nikapandisha gauni, nikajipaka majivu, nikaanza. Wale wenzetu wawili wakaniiga. Siku tano tulisokota toka asubuhi hadi jua linazama, mapaja yamechubuka, na siku zote hizo nilikuwa nafurahi kuliko nilivyofurahi siku ya harusi yangu, maana nilikuwa nalipa kwa ngozi yangu.

Mei mosi asubuhi gari la chuma chakavu likarudi nyuma mpaka mlangoni. Vijana wakaanza kurusha mabati. Dada alikuwa ndani, siku ya tatu mfululizo, amekaa kwenye mtambo, miguu inakanyaga chini, mkono unarusha uzi, ule ubao wa mninga unagonga: tap, tap. Wapakiaji walifika mlangoni kwetu wakasimama. Mimi nilikuwa nimejipanga pale mlangoni na mwili wangu wote, na mnajua mwili wangu si haba. Nikawaambia wasubiri mwenye mali.

Pius aliingia, akatazama ubao ukigonga. Dada alikata nyuzi, akamkabidhi kitambaa bado kina joto la mikono. Pius alikivuta kwa nguvu, akakivuta tena akiwa ameweka mguu ukutani. Akatandika kitambaa chini, akaita kijana alete mzigo wa vyuma, wakauweka juu, wakashika pembe nne, wakanyanyua. Kitambaa kililia kidogo, kikakaa.

"Nyuzi za wapi hizi, mama?"

"Za kwa Shimba," dada akajibu.

Pius hakumjua Shimba, lakini alielewa kiasi alichohitaji. Akawageukia vijana, akawaambia, "Huo mtambo uacheni. Na hicho chumba msikiezue, kitaezekwa hivyo hivyo watu wakiwa ndani." Kisha akashika kitambaa, akasema angependa hicho kiwe mfuko wake, akauweke ofisini watu wauone. Na kweli kilitosha mfuko mmoja tu. Nikasema moyoni ni haki yake kabisa.

"Wako utatoka kwenye mavuno yajayo," dada akamwambia. "Huu una mwenyewe."

Mwaka huu shamba lina kamba katikati. Upande mmoja ni wa kula, upande mwingine ni wa kufuma, na kamba yenyewe nimeisokota mimi. Tumekuwa wanawake kumi na mmoja, na mifuko yetu mtaiona Mirongo, inabeba sangara bila kelele. Kaburini dada anapanda kila msimu, na anakata mwenyewe. Lakini nawarudisha siku ile ya Mei mosi, maana sijamaliza.

Alishona ule mfuko usiku huo huo. Asubuhi aligonga mlango wangu, akanikuta naanika nguo. Nikamwamkia, shikamoo dada. Akaitikia, akanining'inizia mfuko mkononi, vishikio viwili vya kusuka, mshono umekaza. Nilidhani ananionyesha. Nikausifia, nikaugeuza ndani nje, nikataka kumrudishia. Akarudisha mikono nyuma.

"Wewe ndiye wa kwanza kula shamba langu," akasema. "Basi uwe wa kwanza kubeba mfuko wangu."

Nilitafuta neno. Mimi, Ajwang, nilitafuta neno nikalikosa, nguo mbichi begani. Dada Wilhelmina akaningoja kidogo, akaona hakuna kitu kitakachotoka, akaniuliza kama nimekula.